Pikapu ya kuvuta boti na kubeba mzigo: hesabu ya kilo kabla ya jina la gari

Fundi hakufungua boneti. Alisimama ubavuni mwa gari, akatia kidole kwenye ule mwanya ulio kati ya kabini na bodi. Chini kilipita kidole kimoja kwa shida. Juu vilipita viwili. Kisha akatandika gunia, akalala chali, akajisukuma uvunguni na kuniita nimmulikie tochi. Upande wa chini wa chesi, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma, chuma kilikuwa kimejikunja. Mkunjo wenyewe haukuzidi upana wa ukucha wa dole gumba, lakini rangi ilikuwa imebanduka na kutu imeshaingia.

"Hili limevunjika mgongo, shekhe," akasema.

Gari lilikuwa la shemeji yangu, dabo kebini, halijamaliza miaka mitano barabarani. Kazi yake ilikuwa kupeleka boti ya faiba kati ya Malindi na Ngomeni, na siku nyingine hadi Watamu, boti ikiwa juu ya tela na mapipa ya barafu yakiwa kwenye bodi. Shemeji alisimama pale na kitabu cha gari mkononi, amekunja ukurasa ulioandikwa kwamba pikapu hiyo inaruhusiwa kuvuta kilo 3,500. Alishikilia kwamba tela lake na boti havifiki hapo, na alisema kweli. Tulipovipima kwenye mizani ya malori vilitoa kilo 2,800.

Hapo ndipo penye utata wenyewe. Gari limeandikwa kwamba linavuta tani tatu na nusu, limevuta chini ya tani tatu, na bado chesi imejikunja. Watu wengi hapa kwetu wananunua pikapu kwa kuisoma namba ile moja, kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo. Namba hiyo haidanganyi. Ila imesimama juu ya namba nyingine tatu ambazo muuzaji hazitaji usipomuuliza.

Namba ya kwanza ni uzito wa gari likiwa tupu, tangi limejaa, hakuna mtu wala mzigo. Ya pili ni uzito wa mwisho unaoruhusiwa wa gari lenyewe pamoja na kila kitu kilichomo, na kwenye vitabu huandikwa kwa herufi GVM. Ukitoa ya kwanza katika ya pili unapata haki yako ya mzigo. Ya tatu ni uzito wa mwisho wa gari na tela kwa pamoja, nao huandikwa GCM. Ya nne ndiyo ile ya tangazo, uzito wa tela. Katika magari mengi namba hizi zimo kwenye kile kibati kilichopigwa ribiti mlangoni au chini ya boneti, pamoja na kikomo cha ekseli ya mbele na cha ekseli ya nyuma. Kama kibati hakizitaji, zimo kwenye kitabu.

Tufanye hesabu ya shemeji. Pikapu yake tupu ilikuwa kilo 2,100. Kikomo chake ni kilo 3,050. Kwa hiyo alikuwa na mfuko wa kilo 950 wa kutumia. Sasa tutoe. Watu wanne, kilo 300. Barafu, 300. Keria ya chuma na turubai aliyoifungisha mwenyewe, 100. Nyavu, nanga na kamba, 120. Madumu manne ya petroli ya boti, lita 80, kilo 60. Hapo tayari ni 880 na bado hajafunga tela. Tela la kilo 2,800 likifungwa, pua yake inalala kwenye mkia wa gari kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi, yaani kilo 280, na hizo nazo zinatoka kwenye mfuko ule ule. Jumla ni 1,160. Amepita kikomo kwa kilo 210, na yeyote ambaye angechungulia bodi ile asingesema imejaa.

Sasa tazama vikomo vingine. Tela lilikuwa chini ya 3,500, sawa. Gari na tela kwa pamoja vilifika kilo 5,780, na kikomo cha pamoja cha pikapu hiyo ni 5,850, sawa pia. Namba mbili zilimkubali, ya tatu ikamkataa kimyakimya, akaendesha hivyo miaka.

Angevuta tani tatu na nusu kamili kama kitabu kinavyoruhusu, mambo yangekuwa magumu zaidi. Toa 3,500 katika 5,850, zinabaki 2,350. Toa uzito wa gari tupu, zinabaki 250. Hizo ni watu wazima watatu na mkoba wa chakula. Barafu haimo, nyavu hazimo, keria haimo. Namba ya tangazo ipo kweli, lakini ni ya dereva anayesafiri na bodi tupu.

Mzega na mkia wa gari

Aliyewahi kubeba mzega, ule mti wa begani unaoning'inizwa ndoo, ataelewa upesi kwa nini mkunjo ule ulitokea pale ulipotokea. Ndoo ni ile ile na maji ni yale yale, lakini ukiisogeza mbali na bega, bega ndilo linalolia. Kichwa cha duara kinachoshika tela hakiko juu ya ekseli. Kiko nyuma yake, na kwenye pikapu za kawaida masafa hayo yanaweza kufika mita moja na robo. Chukua pikapu ambayo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3.1, na kichwa cha tela kiko mita 1.2 nyuma ya ekseli. Zile kilo 280 za pua zinaishukia ekseli ya nyuma kama kilo 388, kwa sababu zinanyanyua kilo 108 kutoka mbele. Ekseli ya mbele inakuwa nyepesi, usukani unakuwa mlaini kama gari linaelea, na taa za usiku zinamulika matawi ya minazi badala ya barabara.

Bodi ya dabo kebini huongeza tatizo hilo. Kabini ya viti vinne imechukua nafasi, bodi imesukumwa nyuma, na karibu nusu yake inaning'inia baada ya ekseli. Pipa la barafu likiwekwa karibu na mlango wa nyuma ili liwe rahisi kushushwa, linafanya kazi ile ile ya pua ya tela. Viwili hivyo vikikutana kwenye shimo la barabara kwa kasi ya kilomita 80, chesi inapokea pigo ambalo kwenye mizani lisingeonekana kamwe.

Mafundi wetu wana dawa moja wanayoipenda: kuongeza kamani, zile springi za majani ya chuma zinazobeba mkia wa gari. Gari likiinama nyuma, unaongezewa majani mawili ya kamani na linasimama wima kama jipya. Nawaheshimu mafundi hawa, wametulea, lakini katika hili naomba tusikilizane. Kamani nene zinanyanyua mkia, hazinenepeshi chesi, wala ekseli, wala beringi, wala breki. Vikomo vya kwenye kibati vinabaki pale pale. Kilichoondoka ni dalili tu, ile ya gari kuinama ambayo ilikuwa ikikuonya. Chini ya gari la shemeji tulikuta majani matatu ya ziada.

Uzito wa pua unaweza kuupima nyumbani, bila gharama. Weka tela mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe, lipakie kila kitu unachosafiri nacho. Chukua ubao imara wa futi tatu. Ncha moja iweke juu ya tofali, ncha ya pili juu ya mizani ya kupimia watu, na pua ya tela iishushe juu ya ubao kwenye futi ya kwanza kutoka kwenye tofali. Kisha zidisha mara tatu kile mizani inachosoma. Ikisoma 90, pua ina kilo 270. Tulifanya hivyo uani kwa shemeji, watoto wamechuchumaa kutazama, na mtoto wake wa kike wa miaka kumi ndiye aliyesoma mizani.

Usikimbilie kuifanya pua iwe nyepesi ili kuokoa kilo. Pua yenye chini ya sehemu ya kumi ya uzito wa tela hulifanya tela liyumbe. Linaanza kama mchezo, kushoto kidogo, kulia kidogo, kisha mkia unamshika mwenye mkia. Mashine ya boti kubwa, ile ya nguvu za farasi mia na kitu, inakaa kwenye makalio ya boti na peke yake inazidi kilo 150. Kwa hiyo boti isiposogezwa mbele juu ya tela, pua itakuwa nyepesi hata kama jumla ni sawa. Likianza kuyumba, usikanyage breki za gari kwa nguvu na usijaribu kulikimbia kwa mafuta. Ondoa mguu, shika usukani wima, liache lipoe lenyewe.

Breki, jambo ambalo watu wanaliruka

Pikapu nyingi za ukubwa wa Hilux au D-Max zinaruhusiwa kuvuta kilo 750 tu ikiwa tela halina breki zake. Ile 3,500 ni ya tela lenye breki. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na matela mengi yanayochomelewa hapa kwetu kwa ekseli za magari ya zamani hayana breki hata kidogo. Anayevuta boti ya tani mbili juu ya tela la namna hiyo anazisimamisha tani nne na zaidi kwa breki zilizotengenezwa kwa ajili ya tatu.

Breki rahisi ya tela inafanya kazi kwa kusukumwa. Gari likipunguza mwendo, tela linalisukuma kwa nyuma, kile kichwa cha kushikia kinaingia ndani kidogo na kuvuta waya, waya unafunga breki za magurudumu ya tela. Hakuna umeme, hakuna mafuta ya breki. Fundi mzuri wa kuchomea anaweza kuufunga mfumo huu ukimnunulia kichwa na ekseli yake. Ni bei, naam, lakini gharama hiyo ihesabiwe ndani ya bei ya gari tangu siku ya kwanza.

Tela lenyewe ni chombo chenye usajili wake. Linabeba kibao chake chenye namba inayoanza na herufi Z, na bima yake iulizwe mapema, kwa sababu kampuni ya bima itataka kujua uzito uliokuwa unavutwa siku ya ajali.

Mchanga, maji na simenti

Kuna wasomaji ambao hawana boti wala haja ya boti. Wao wanajenga, au wanauza maji, au wanaleta maembe kutoka Magarini. Kwao hesabu ni fupi. Simenti ni mifuko 20 kwa tani, kila mfuko kilo 50. Maji ni tani moja kwa kila lita elfu, na tangi lenyewe juu yake. Mchanga ndio unaodanganya macho. Bodi ya singo kebini ina urefu wa kama mita 2.3, upana mita 1.55 na kina sentimita 45. Ijaze mchanga mbichi hadi ukingoni, umebeba karibu tani 2.9. Tani moja ya mchanga huo inafunika sakafu ya bodi kwa sentimita 15 au 16, haifiki hata shibiri. Kila unapoona pikapu imejazwa mchanga hadi juu, jua imebeba karibu mara tatu ya haki yake.

Kwa hiyo nasema wazi: anayebeba zaidi ya tani moja mara tatu kwa wiki asinunue pikapu. Anunue lori dogo, Canter au Isuzu ya aina ya NKR, lenye magurudumu mawilimawili nyuma. Litabeba tani tatu na zaidi kihalali, kamani na breki zake zimetengenezwa kwa kazi hiyo, na matairi yake yanajulikana kila kona ya pwani. Halina raha ya kwenda nalo harusini, lakini litamaliza kazi. Pikapu ni ya mtu ambaye mzigo wake unabadilika, leo watu, kesho boti, keshokutwa vifaa, na ambaye anaingia kwenye mchanga na matope ambako lori litakwama.

Injini

Vijana hubishana zaidi kuhusu injini, na mimi nitapita hapa kwa haraka kuliko wanavyotaka. Kinachovuta mzigo ni nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa Nyutoni-mita, na hasa inapopatikana injini ikiwa bado inazunguka polepole. Ndiyo sababu dizeli hupendwa. Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, isiyo na turbo, inatoa karibu Nyutoni-mita 285. Hilux ya lita 2.8 yenye turbo, ya miaka ya karibuni, inafika 500. Kwa hesabu ya injini peke yake, Hilux inaiacha Land Cruiser mbali. Lakini tazama chesi, ekseli na kamani, uone ile ya zamani ilivyojengwa. Land Cruiser inavuta polepole na haivunjiki upesi. Hilux inavuta kwa wepesi hadi dereva anasahau kwamba anavuta, na kusahau huko kuna hatari yake.

Barabara zetu za pwani ni tambarare. Kutoka Malindi kuvuka Sabaki, Gongoni, Garsen, Witu hadi Mokowe, hakuna mlima wa kuitesa injini. Mambo hubadilika kwa anayepeleka mzigo bara. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu ya kumi ya nguvu yake kwa kila mita elfu. Mwenye safari hizo achague turbo na aikague rejeta kabla ya kitu chochote.

Jambo linalonishughulisha zaidi kuhusu injini mpya ni mafuta. Nozeli zake, zinazopulizia mafuta ndani ya injini, ni nyembamba sana na hazivumilii maji wala uchafu ndani ya dizeli. Ukijaza kwenye madumu huko vijijini, uwe na chujio la akiba garini na ujifunze kumwaga maji yaliyotulia chini ya lile la gari. Injini za zamani zilisamehe mengi.

Zile za Marekani

Kila mwezi kijana mmoja hunionyesha kwenye simu picha ya Ford F-250 au Ram 2500 ikivuta nyumba nzima, akiniuliza kwa nini sisi hatuleti hizo. Swali ni zuri. Kule Marekani pikapu nzito ni tabaka lake: magari ambayo uzito wake wa mwisho unaoruhusiwa ni kuanzia kama kilo 3,900 hadi 6,350. Hilux na D-Max hazimo humo. Pikapu hizo hufungiwa tela zito katikati ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma yenyewe, na hapo ndipo siri kubwa ilipo kuliko ukubwa wa injini. Uzito wa pua ukishuka juu ya ekseli, ule mzega niliousema haupo tena.

Wana pia kipimo kimoja cha pamoja cha kuvuta, kinachoitwa SAE J2807. Gari linalopimwa hupandishwa mlima karibu na Davis Dam huko Arizona, kama kilomita 18 za kupanda kwenye joto, kiyoyozi kimewashwa, na pikapu yenye gurudumu mojamoja nyuma haitakiwi kushuka chini ya maili 40 kwa saa, kama kilomita 64. Ni kipimo cha haki. Ila magari hayo hutoka kiwandani na usukani wa kushoto, na Kenya husajili ya usukani wa kulia. Pia gari la kigeni lililotumika halipokelewi likiwa limepita miaka minane. Kulibadilisha usukani ni gharama, na siku nozeli ikifa hakuna duka la Malindi wala Mombasa litakalokuwa nayo. Kwa hiyo tujifunze kutoka kwao namna ya kupanga uzito, na gari tununue la hapa.

Mchanga laini na maji ya chumvi

Kuna jambo ambalo hakuna kitabu cha gari kitakwambia, kwa sababu aliyekiandika hajawahi kutoa boti pwani ya Malindi siku ya bamvua. Maji yamekupwa mbali, mchanga umelowa, na tela limezama hadi kwenye rimu.

Gia ndogo ya fobaifo ni ya lazima kwa kazi hii, nisingenunua pikapu ya boti bila hiyo. Punguza upepo wa matairi hadi kama PSI 18, yatandazike juu ya mchanga, na uwe na pampu ya kuyajaza tena kabla ya kurudi lami. Na ikiwezekana, gari lisishuke kabisa. Liache juu pagumu, funga kamba nene ya mita 20 au zaidi hadi kwenye tela, uvute kwa gia ya kwanza polepole bila kuchezesha klachi. Watu wakae mbali na kamba. Nimeona kamba ikikatika na kichwa cha chuma kikiruka hadi kwenye kioo cha nyuma, na Mungu alinusuru kwamba hakukuwa na mtu bodini.

Beringi za tela zinakufa kwa sababu moja ambayo wengi hawaijui. Ukitoka Watamu hadi Malindi, beringi zimepata moto. Ukirudisha tela moja kwa moja baharini, zinapoa ghafla, hewa iliyomo ndani inasinyaa na kuvuta maji ya chumvi kupita kwenye sili. Wiki mbili baadaye grisi imekuwa rangi ya maziwa, na mwezi unaofuata gurudumu linaloki njiani. Dawa ni kusubiri. Fika, zungumza na nahodha, kunywa chai, gusa kitovu cha gurudumu kwa mkono, na kikiwa baridi ndipo uingie majini. Ukitoka, osha kwa maji matamu, tela na uvungu wa gari, hata kama umechoka.

Anayenunua pikapu iliyokwisha tumika pwani aanze uvunguni. Piga chesi kwa nyundo ndogo toka mbele hadi nyuma na usikilize. Chuma kizima kinalia, chuma kilichooza kinajibu kwa sauti butu. Pita kidole upande wa chini mbele ya gurudumu la nyuma, pale fundi alipoonyesha. Pima mwanya wa kabini na bodi juu na chini, kulia na kushoto. Hesabu majani ya kamani ulinganishe na kitabu. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chesi nzima juzi ichukulie kuwa swali linalotaka jibu.

Matairi nayo yana maneno yake. Pembeni mwa tairi kuna namba ya uwezo: 104 ni kilo 900 kwa tairi moja, 110 ni 1,060, 121 ni 1,450. Zidisha kwa mbili ulinganishe na kikomo cha ekseli ya nyuma. Matairi mengi mazuri ya kupendezesha gari yana uwezo mdogo kuliko yale membamba ya kazi yaliyotolewa. Tazama pia tarakimu nne za mwisho kwenye ile namba inayoanza na DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, na jua letu halilihurumii tairi hata kama halijatembea.

Ningenunua nini

Mtu akiniuliza leo, mwenye boti ya tani mbili na nusu juu ya tela na barafu ya kilo 300, ningemwambia singo kebini ya dizeli yenye fobaifo. Singo kebini ni nyepesi, bodi yake imekaa vizuri zaidi juu ya ekseli, na haki ya mzigo ni kubwa kuliko ya dabo kebini ya jina lile lile. Kati ya D-Max, inayounganishwa Nairobi, na Hilux, ningefuata fundi: ile ambayo fundi wa mtaa wangu ameifungua mara nyingi na spea zake hazinilazimishi kwenda Mombasa, kilomita 120, kwa ajili ya sili. Anayeingia njia mbaya kila siku na mwenye uwezo, Land Cruiser 79, ambayo huunganishwa Mombasa, ingali na nafasi yake. Na mwenye kuvuta tani tatu na nusu kila wiki ningemrudisha kwenye lori dogo, ajapo kunikasirikia.

Shemeji alikasirika kidogo, kisha akakubali. Chesi ile haikuungwa, kwa sababu chesi iliyokunjwa ikichomelewa kiraka huvunjika kando ya kiraka. Gari liliuzwa kwa vipande. Sasa ana singo kebini, tela lake limefungwa breki, na barafu hutangulizwa Ngomeni na tuktuk asubuhi. Siku ya kununua hakwenda mikono mitupu. Alikodi gari la rafiki yake likamfikishia tela na boti mpaka kwa muuzaji, akalifunga kwenye pikapu aliyoitaka, akatoa futi mfukoni na kupima kutoka ardhini hadi kwenye bampa kabla na baada. Muuzaji alimtazama, kisha akamletea kiti.